Diski ya Nane

Wiki iliyopita, nikiwa dukani kwangu Kitete nadurufu vyeti vya watu, nilisoma habari kwenye simu nikatafuta kiti. Kwako huenda isiwe habari kabisa. Mfumo wa kompyuta ninaoutumia, ule wa bure ambao mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuufungua na kuuchokonoa, unaandikiwa upya programu yake ya kusakinisha, yaani ya kuuweka kwenye mashine, na maneno yote ya Kiswahili yaliyomo yatapitiwa moja baada ya jingine. Wenzangu hufuatilia ligi ya mpira. Mimi hufuatilia ugomvi wa watu wa mfumo huo, Linux: nani kajiuzulu, kompyuta kuukuu zitupwe au zisitupwe, tafsiri zifanywe na watu au ziachiwe mashine. Mume wangu husema nina ndugu wengi ambao hawajawahi kuonekana hata msibani.

Kikundi chetu cha tafsiri ya Kiswahili kina watu wanne, wote wa kujitolea. Anayekiongoza ni mwalimu mstaafu wa hapa hapa Tabora, ambaye ndiye aliyenionyesha kompyuta kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto. Siku ile aliandika kwenye jukwaa letu: "Kuna kitufe kina maneno marefu kama treni ya mizigo. *Angamiza kila kilichomo kwenye diski hii, hakitarudi tena.* Nani aliyaweka haya, na kwa sababu gani? Napendekeza turudishe ya zamani: *Futa diski.*"

Niliyaweka mimi, miaka mingi nyuma, kwa jina la bandia. Sababu ninayo, na sijawahi kumwambia mtu. Niliposoma ujumbe ule niliifunika simu kwa mkono, vilevile nilivyojificha nikiwa na miaka tisa, kijijini Kwihara.

Nililelewa na bibi. Njia ya zamani ya misafara ilipita nyuma ya shamba letu, nasi tuliitumia kwendea kisimani bila kuwaza imetoka wapi. Kiangazi kilipoingia tulikata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juu ya jabali vikauke viwe michembe. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na kugeuza vipande, na bibi aliimba huku akikata. Nyimbo zake alizirithi kwa babu yake, aliyekuwa mpagazi, aliyebeba mizigo hadi pwani na kurudi. Kulikuwa na wimbo wa kuinua mzigo, wimbo wa kuutua, na mmoja wa taratibu sana, wa mwenzao aliyebaki njiani. Huo wa tatu bibi hakuuimba mbele ya wageni.

Mwalimu aliufuata huo huo. Alikuwa akifundisha shule yetu, na nyumbani kwake alikuwa na kompyuta nzito iliyotumia umeme wa jua na betri. Alimbembeleza bibi kwa miezi ili arekodi sauti yake, na mwishowe bibi akakubali. Kila Jumamosi tulitembea hadi kwake, mimi nimebeba michembe ya kumpa mwenyeji. Bibi hakuzungumza na mashine kwa Kiswahili, ila kwa Kinyamwezi. Aliisalimu kwanza, "Mwangaluka," akanyamaza akisubiri.

"Bibi, haijibu hiyo," mwalimu alimwambia.

"Basi haijafunzwa adabu," bibi akasema, akaanza kuimba.

Ilichukua kiangazi kizima. Aliimba nyimbo zote, pamoja na ule wa tatu, akataja vituo vyote ambavyo babu yake alilala, na majina ya miti na dawa, na yote yakakaa ndani ya mashine ile moja. Alipomaliza alisema kazi yake imekwisha na hatarudi tena kwenye kiti kile. Mimi niliendelea kwenda peke yangu, kwa kuwa mwalimu alikuwa akinifundisha kuandika jina langu kwa kicharazio.

Jumamosi moja nilikuta ameletewa kwa posta toleo jipya la mfumo wake. Ndani yake mlikuwa na maneno aliyoyatafsiri yeye mwenyewe, na alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto. Aliingiza diski yake kwenye mashine, akaliwasha, akawa anafungua ukurasa mmoja mmoja ili ayaone maneno yake kwenye kioo, bila nia ya kusakinisha chochote. Mezani palikuwa na diski nyingine saba, zote zimeshika vumbi jekundu la Kwihara. Mara jirani akamwita nje, ng'ombe kaingia kwenye muhogo wake.

"Hapo mezani nikirudi nikute umefuta diski," aliniambia, akanirushia kitambaa, akatoka mbio.

Nikafuta. Nilifuta moja moja kwa kupuliza na kusugua, nikazipanga zikang'aa. Zilikuwa saba. Nilipoinua macho nikaona kwenye kioo, kwa herufi kubwa nilizoweza kuzisoma mwenyewe: *Futa diski.*

Nilikuwa mtoto wa kumaliza kazi. Nilijua kuna diski nyingine ndani ya mashine, kwa kuwa nilimwona akiiingiza, na sikujua namna ya kuitoa. Nikafikiri, kumbe hii ya nane inajifuta yenyewe. Mwalimu alitwambia kila siku kwamba kompyuta hufanya kazi za mikono. Nikabonyeza. Ikaniuliza, *Una uhakika?* Mtoto wa kwetu hakuwa na "hapana" mbele ya kazi aliyotumwa na mwalimu. Nikabonyeza *Ndiyo.* Mstari wa bluu ukaanza kutembea taratibu, nami nikakaa kuutazama nimekunja mikono, nikisubiri kusifiwa.

Aliporudi alisimama mlangoni. Alikaa kwenye kiti, akafungua hapa, akafungua pale, akafungua tena palepale. Mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayesoma, "Sauti ya bibi haipo."

Akanigeukia. "Umeme ulikatika?"

Sikuelewa kwamba diski niliyoifuta ni ile ya kumbukumbu za mashine yenyewe, lakini uso wake ulinitosha. Nikasema, "Ndiyo."

Nikuambie ukweli, rafiki yangu, nimewahi kuugua na nimewahi kuzika, lakini hofu ya wiki ile sijaiona tena. Ugali haukupita. Kengele ya baiskeli ikilia barabarani nilidhani ni mwalimu, nikaingia uvunguni mwa kitanda. Na siku ya tatu bibi aliamka hana sauti. Alifungua mdomo kunituma kuni, pakatoka upepo tu. Watu wazima walisema ni baridi, wakamtengenezea asali na tangawizi. Mimi nilijua ni mimi. Nilikuwa nimebonyeza, na sauti ya bibi haipo. Mwalimu alilisema hilo kwa kinywa chake. Nilikaa miguuni pake mchana kutwa nikimtazama koo, nikisubiri shingo nayo ifutike, na mikono, na bibi mzima, kwenye mstari wa bluu unaotembea taratibu.

Sauti ilirudi baada ya siku nne, ikiwa na mkwaruzo. Mwalimu alikuja kumwomba aimbe upya. Nilijibanza nyuma ya ghala nikisikiliza kama atanitaja. Hakunitaja. Alisema mashine imepoteza kila kitu, akaomba radhi.

"Nilishatua mzigo," bibi alimjibu. "Uliotuliwa hauinuliwi tena palepale."

Jioni ile, tukikusanya michembe jabalini, aliniuliza mbona sili. Nikasema naumwa tumbo. Alikuwa na mazoea ya kunitania kwamba majuto ni mjukuu, na kwamba wake anamjua kwa jina. Safari hii hakutania. Alinipa kipande kimoja nikitafune mbele yake, akangoja hadi nikimeze. Masika hayakumkuta.

Kwa hiyo nilipokua, nikanunua kompyuta ya mitumba na kuingia kwenye mambo haya, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kukitafuta kitufe kile. Sikuacha neno ambalo mtoto mwenye kitambaa mkononi angelielewa vibaya. Kila toleo jipya likitoka nakwenda kukitazama kitufe hicho kabla sijatazama kitu kingine. Wengine jukwaani walikuwa wamekwisha kumuunga mkono mwalimu. Kijana wa Dar aliandika kwamba maneno yangu hayaenei kwenye vioo vidogo. Wa nne akasema mashine ya tafsiri nayo inatoa "Futa diski", kwa hiyo hakuna haja ya kubishana. Zilibaki siku mbili kufunga mjadala.

Nilifunga duka mchana kweupe. Nikaandika, nikaacha, nikaandika tena. Nilianza na "Shikamoo mwalimu," nikamwambia mimi ni nani, nikamsimulia diski saba na ya nane, na mstari wa bluu, na uongo wangu kwamba umeme ulikatika. Nilituma pale pale mbele ya wote watatu, maana ningengoja kidogo nisingetuma. Halafu nikakaa nikiwa na miaka tisa.

Jibu lilikuja baada ya sala ya alasiri, nikiwa nimefungua duka tena.

"Marahaba, mwanangu. Betri ilikuwa nzima. Taa ya mashine ilikuwa inawaka nilipoingia, na kitambaa ulikuwa umekikunja vizuri juu yake. Nilikuuliza kama umeme ulikatika ili upate pa kupitia. Neno niliandika mimi, na kazi nilikutuma mimi. Nilikwambia ufute, ukafuta. Bibi yako nilimweleza yote siku ile aliponisindikiza, akanikataza kukugusa kwa neno hilo. Alisema ukijua kwamba tunajua utaacha kula kabisa. Maneno yako marefu yabaki. Sasa niandikie unachokumbuka katika zile nyimbo."

Nililia mbele ya mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti. Bibi alijua. Alijua tukiwa jabalini, alijua akiningoja nimeze kile kipande.

Siku hizi hakuna anayeanika juu ya jabali lile, limevunjwa kokoto, na njia ya kisimani imeota vichaka. Nimenunua daftari. Wimbo wa kuinua mzigo ninao nusu, wa kutua ninao mistari miwili. Wa tatu nina namna ulivyoanza tu, pumzi aliyovuta bibi kabla ya neno la kwanza, na kila nikiuandama naogopa kwamba ninachokiandika ni changu na si chake. Ninapokosea sifuti. Napiga mstari juu yake kwa kalamu, mmoja, mwembamba, ili neno la chini liendelee kusomeka.