Mashua ya Babu Shomari Ilikuwa ya Nani

Niliondoka nyumbani Temeke kwa sababu ya neno moja lililosemwa harusini. Tangu utotoni baba alitwambia kwamba babu Shomari, mvuvi wa Msasani, alikuwa na mashua yake mwenyewe. Yeye mwenyewe hakumjua sana, maana babu alifariki baba angali mdogo, na bibi akaolewa tena huku Temeke. Siku ile ya harusi binamu yake baba, Salum, akasema mbele ya watu kuwa babu alikuwa baharia tu kwenye mashua ya watu. Wengine wakacheka. Tangu hapo baba hakumtaja tena babu. Nikaona niende nikaulize.

Msasani nilifika asubuhi. Nilipita katikati ya kuta ndefu za nyumba za matajiri hadi ufukweni, walipokaa wavuvi wakishona nyavu. Mmoja wao, Kassimu, aliweka uzi chini akanisikiliza mpaka mwisho. Jina la Shomari alilisikia kwa marehemu baba yake, tena kwa sifa. Lakini akanionya kwamba zamani mashua iliitwa kwa jina la nahodha, iwe yake isiwe yake. Akampigia simu shangazi yake, naye akasema niende Kunduchi kwa Bi Tatu, mzaliwa wa Msasani ya zamani.

Kunduchi mchana ule ilinukia samaki wa kukaanga. Bi Tatu alikuwa barazani na binti yake, wanapara samaki. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mie ni mjukuu wa Shomari. Akanawa mikono na kuniambia nikae karibu.

Nikamuuliza moja kwa moja kama mashua ilikuwa ya babu.

"Haikuwa yake," alisema. "Ilikuwa ya baba yangu."

Nilimfikiria baba. Bi Tatu akaendelea taratibu. Baba yake na Shomari walivua pamoja. Shomari alikuwa akikusanya mbao kidogo kidogo ili aunde mashua yake, amezipanga nyuma ya nyumba. Ndipo dhoruba ikamchukua baba yake Bi Tatu, na mashua ikarudishwa ufukweni imepasuka ubavu. Mama yake alibaki na watoto wadogo na chombo kisichoelea.

"Shomari alizileta mbao zake zote," akasema. "Akaitengeneza, akawa nahodha wake. Kila akirudi baharini, fungu la mwenye chombo analileta kwetu kwanza, ndipo aende kwake. Mama alimwambia basi nusu iwe yako. Akakataa. Alisema hawa watoto wakikua wasije wakakuta chombo cha baba yao kina mwenyewe mwingine."

Shomari aliendelea hivyo hadi alipofariki. Kaka yake Bi Tatu akaipokea mashua, akawalea wadogo zake kwayo. Mbao za kuunda mashua yake mwenyewe Shomari hakuzipata tena.

Nilipoaga, Bi Tatu alinifungia samaki, akasema ni wa baba yangu. Kisha akaomba nimlete baba, amwone mtoto wa Shomari kabla yeye mwenyewe hajafa.

Temeke nilirudi jioni, nikamkuta baba sebuleni. Njiani nilikuwa nimetafuta namna ya kulainisha jambo lile. Nilipomwona nikaamua kumweleza kama nilivyoelezwa. Kwenye habari ya mbao alinisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia. Alijifuta macho bila kuficha.

Mie niliondoka nikitafuta mali ya babu, nikarudi nimemjua babu mwenyewe. Nadhani baba naye aliliona hilo, maana alichukua simu akampigia Salum.

"Ulisema kweli," alimwambia. "Mashua haikuwa ya baba. Sasa sikiliza nikwambie ilikuwa ya nani."