Nilipakwa makeup ili nikae mahali pa mama

Wakuu, salamu zenu. Na akina dada mnaosoma kimya kimya humu bila kuandika, nawasalimu pia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi, yenyewe yanatosha.

Mimi ni mtu wa Tulia, Kitui. Wazazi walifariki nikiwa Form Two. Kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, niliacha shule, nikashika jembe, nikalea wadogo zangu watatu. Nauza ndengu sokoni. Kila msimu napepeta juani, kwa hivyo uso wangu mnaweza kuukisia.

Silalamiki. Wote watatu wamesoma kunishinda.

Sasa mwaka huu mdogo wangu Mwende alipata mchumba wa Kibwezi. Kwetu Wakamba, upande wa kijana lazima ulete mbuzi wa ntheo nyumbani kwa msichana. Bila hao mbuzi bado hujaoa, hata muwe na watoto watano.

Na kwetu siku hiyo mama ya msichana hukaa mbele. Wanawake wa upande ule wanakuja wakiimba, wanamfunika blanketi jipya. Ni blanketi tu. Lakini ndivyo watu wanavyosema mbele ya wote: wewe ndiwe uliyemlea.

Wakuu, hilo blanketi nililitaka. Sikumwambia mtu. Nililitaka kuliko kitu chochote tangu niliporudisha vitabu vya shule.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Mwende akanipigia simu kutoka chuo, huko Kwa Vonza.

"Sista, usinielewe vibaya. Hao watu wanakuja na camera."

"Kwani uso wangu utaivunja?"

Akacheka kidogo.

"Ni vile unakaa umechoka. Upakwe makeup kidogo tu. Kama hutaki, wacha Auntie ndiye akae mbele. Yeye ako presentable."

Auntie ni dada ya marehemu baba, anaishi Nairobi. Tangu mazishi alikuwa amekuja kwetu mara mbili.

Nikasema nitapakwa.

Siku ikafika. Rafiki ya Mwende wa chuo alinikalisha kwa kistuli nyuma ya jikoni, akafungua kisanduku chake. Foundation, poda, wanja, kope za kubandika. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia.

Kisha akanishika kidevu, akainua uso wangu kwenye mwanga.

Hapo machozi yakanijia. Mtu wa mwisho kunishika uso namna hiyo alikuwa mama, akinipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kabla niende shule. Miaka yote hii nimeosha nyuso za watoto, wangu hakuna aliyeugusa.

"Usilie, sista, kope zitatoka," akasema.

Alipomaliza akanipa kioo. Sikujiona mimi. Nilimwona msichana. Mzuri, amelala akashiba usingizi, hajui bei ya debe la ndengu. Nilimwangalia sana mpaka nikaitwa mara mbili.

Nikaenda kukaa mbele. Auntie alikuwa ameketi karibu yangu, na kilemba chake kikubwa na leso begani.

Wageni wakaingia wakiimba. Mbele yao alikuwa nyanya ya kijana, blanketi mkononi. Nikanyoosha mgongo.

Akafika kwangu, akanigusa bega.

"Wewe kasichana, sogea kidogo tupite."

Nikasogea! Nyinyi mngefanya nini? Vigelegele vikapigwa, blanketi likamwangukia Auntie. Naye badala ya kusema neno, akalivuta vizuri mabegani akatabasamu kwa camera. Mwende alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilitoka polepole. Nyuma ya jikoni nikamimina maji kutoka kwa mtungi, nikachukua sabuni ya kufulia, nikasugua. Ilikuwa kama namfukuza mgeni ambaye hajamaliza hata chai.

Nikarudi na uso umekauka kwa sabuni, nikasimama mbele ya nyanya.

"Nyanya, Mwende nimemlea mimi."

Akaniangalia, akasogea karibu.

"Aiya! Si wewe ni kale kasichana?"

"Ndiye mimi."

"Na hii jicho moja ina nini?"

Kope moja ilikuwa imekataa kutoka. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Nyanya akageuka, akamvua Auntie blanketi bila kumwomba. "Lete hapa, mama. Hili lina mwenyewe." Akaamuru wimbo uanze upya, kutoka mwanzo kabisa.

Mwende alikuja kunikumbatia akilia, wanja wake wote ukabaki kwa blouse yangu. "Nisamehe, sista." Nilimsamehe hapo hapo. Yeye pia kuna mtu alimfundisha kuona hivyo.

Picha zipo. Niko na blanketi langu, uso wangu, na kope za upande mmoja.

Somo nililopata? Makeup haina kosa. Kosa letu lilikuwa kudhani uso uliolea watu lazima ufichwe kwanza ndio uheshimiwe. Tukaficha mpaka mwenyewe akapotea.

Lakini niliahidi ukweli, kwa hivyo niumalize. Huyo msichana wa kwenye kioo namkumbuka. Tangu niwe na miaka kumi na sita wananiita mama wa fulani. Yeye aliishi nusu saa tu, nikamwosha kwa sabuni ya kufulia kwa sababu hapangetutosha sisi wawili. Siku za soko napita kwa duka la vipodozi, nasimama kidogo, naendelea.

Akina dada, kuna aliyewahi kujipaka siku ya kawaida tu, bila harusi, bila kuambiwa na mtu? Ilikuwaje? Wanaume pia mnaweza kuchangia, ila tafadhali, msije kuniambia natural beauty ndiyo bora. Hiyo nimekuwa nayo miaka yote, na hakuna aliyewahi kuisifu.