Kifaranga na Kibuyu cha Wimbi

Kifaranga wangu amekula shamba zima la mama mkwe.

Mimi ni karani hapa mpakani Busia, na kwangu ni Mundika. Mvua zilipoanza, kifaranga mmoja alilegea miguu, kuku akamwacha. Nilimpa unga wa mahindi, lakini hakusimama. Mama mkwe, mjane anayeishi nasi tangu mwaka jana, aliniona nikihangaika. Kwa desturi yetu, mimi naye hatuzungumzi ana kwa ana. Asubuhi nilikuta kibuyu cha wimbi mlangoni pangu. Nikamshukuru kimoyomoyo. Kila siku nilisaga kidogo, nikachanganya na kumbikumbi, mpaka kibuyu kikaisha. Kifaranga akapona, sasa anawakimbiza wenzake.

Jana mke wangu alinijia akitabasamu.

"Baba Nekesa, mama anauliza ile mbegu ya marehemu baba uliipanda upande gani. Anataka kwenda kupalilia. Hana nyingine."

"Mbegu gani?"

"Si ile ya kibuyu! Anakusifu, eti mkwe wake hangoji kuombwa mara mbili."

Alinitazama, kisha akamtazama kifaranga, tabasamu likamtoka.

Mama mkwe yuko uani na jembe lake, anangoja kuonyeshwa shamba.