Jumapili ya Kubeba Mawe

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, pembe ilipolia kutoka juu mlimani, Chawia, kabla jua halijapanda, na watu wa milimani wakateremka na mawe vichwani. Tulikuwa tukijenga chumba cha darasa la tatu, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mawe. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati shule zetu zilipojengwa kwa mikono ya wazazi, na kila familia ilijulikana kwa mawe iliyoleta. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza masomo juzi tu, nikapewa darasa la pili nilifundishe. Nakusimulia haya kwa sababu nawe umepewa kazi ya kulea watoto wa watu, na si wote utakaowapokea watakuwa wenyeji wa hapa.

Shule yetu ilikuwa chini ya mlima, pale ardhi nyekundu ya kuelekea Voi inapoanzia. Ng'ambo ya barabara lilikuwa shamba la mkonge. Kambini mwa shamba hilo waliishi watu waliotoka mbali kutafuta kazi: Wakamba, Waluo, na wengine wa kutoka upande wa Tanganyika. Wanaume walikata mkonge, wanawake wakaanika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye waya, na watoto wao wachache walivuka barabara kuja kwetu.

Mmoja wao alikuwa Kalekye, binti wa mkata mkonge aliyeitwa Mutiso. Sitakuambia kwamba alikuwa mtoto wa ajabu. Alikuwa mtoto asiyependa kuacha jambo katikati. Akikosea hesabu alifuta kibao kwa kiwiko na kuanza upya, hata kama wenzake walikuwa wameshatoka kucheza.

Ijumaa ile, mawe yalipokwisha kupangwa, mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Maghanga, alisimama mbele yetu.

"Chumba ni kidogo," alisema. "Watakaoingia darasa la tatu mwaka ujao ni wale ambao wazazi wao wamebeba mawe. Watu wa mkonge hatujawaona hapa hata siku moja. Leo wapo, kesho wamehama."

Hakuna aliyepinga. Kwa mtoto wa kambini maana yake ilikuwa arudie darasa la pili, ama aende kuanika singa na mama yake. Watoto waliielewa haraka kuliko sisi wakubwa. Mvulana mmoja wa milimani akamtania Kalekye, "Wewe bakia na wadogo. Ama mkonge ukufundishe."

"Mkonge ushanifundisha kutoogopa miiba," Kalekye akamjibu. "Na wewe ni kamwiba tu."

Jioni Mutiso alikuja kwangu, panga likiwa bado mkononi. "Mwalimu, kama ni kurudia, nitamtoa. Nyapara amesema nafasi ipo kwenye waya." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua haijanyesha.

Nilipanda mlima kwenda kwa Nyanya Wakesho, mjane aliyekuwa mwanamke pekee kwenye kamati. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikamweleza mpango wangu: mwaka ukianza, nitamwomba mwalimu wa darasa la tatu amketishe Kalekye nyuma kabisa, na siku kamati ikija kukagua, mtoto atoke nje kidogo.

"Unataka kumficha," alisema.

"Kumsaidia, nyanya."

"Kumficha. Maghanga akiingia, mtoto wa watu atatoka mbio kama kuku aliyekutwa jikoni. Huo ndio msaada?" Aliendelea kuchambua. "Hebu niambie, hao watu wa kambini, nani aliwaita kubeba mawe?"

"Pembe hupigwa, nyanya. Kila mtu anaisikia."

"Na wewe ukisikia kile chuma cha reli kikigongwa kambini alfajiri, huwa unatoka kwenda kukata mkonge?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ijumaa huwa wako wapi?"

"Kazini."

"Umewahi kwenda kwao?"

Sikuwa nimewahi. Mwaka mzima nilifundisha watoto wao, na kambi ilikuwa pale pale ng'ambo ya barabara.

"Basi usije kunililia," alisema. "Huruma ya kukaa shuleni ukingoja watu waje haijengi ukuta. Kesho jioni tunateremka."

Kesho yake, Jumamosi, wakata mkonge walipotoka kazini, tulikuwa tayari kambini. Nyanya Wakesho alisimama na fimbo yake mbele ya wanawake waliokuwa wakifua, akasema, "Kwetu hupigwa pembe, kwenu hugongwa chuma, kwa hiyo nimekuja kwa miguu. Shule inajengwa na watoto wenu wamo ndani yake. Mtakuja?"

Mama yake Kalekye alikamua nguo aliyokuwa nayo, akaishikilia. "Mama, sisi tulidhani shule ni yenu. Hatukutaka kuonekana tunajipenyeza kwenye mali ya watu."

"Tutakuja," alisema Mutiso. "Lakini siku yetu ni Jumapili. Hizo nyingine zote ni za mwenye shamba."

"Basi njooni kesho mchana," alisema nyanya. Mwanangu, ni vizuri ujue kwamba siku zile mtu wa milimani hakupasua hata kuni Jumapili. 

Asubuhi yake, ibada ilipokwisha, nyanya alimfuata Mzee Maghanga nje ya kanisa, watu wote wakisikia.

"Kubeba mawe Jumapili?" mwenyekiti alishangaa. "Wakesho, umezeeka sasa."

"Nimezeeka, ndiyo. Ndiyo maana naikumbuka Pasaka ile mbuzi wako alipotumbukia kisimani. Ulingoja Jumatatu?"

Watu waliangua kicheko. Mke wa mwenyekiti alijiziba mdomo kwa leso.

"Mbuzi angekufa," alisema Mzee Maghanga.

"Na mtoto wa kambini akitolewa shule leo, Jumatatu atafufuka?"

Kicheko kilikatika. Mzee alikuwa mwenye msimamo lakini si mtu mbaya. Alitazama chini, kisha akasema, "Mimi sitapiga pembe siku ya Bwana."

"Haihitajiki. Wanaokuja wameshaambiwa."

Walikuja mchana, wanaume kwa wanawake. Walibeba mawe, na pamoja na mawe walileta ile miti mirefu ya maua ya mkonge, iliyokauka na kuwa myepesi, waliyoruhusiwa kuikata shambani. Sisi tulikuwa na kuta lakini hatukuwa na kitu cha kuezekea. Watu wa milimani walisimama kandokando na nguo zao za kanisani wakitazama. Halafu mmoja akavua koti. Mwingine naye akavua.

Mzee Maghanga alifika amechelewa, mikono nyuma, akaanza kuonyesha mahali ukuta ulipopinda. Mutiso alikuwa juu ya ukuta akihangaika na mti peke yake.

"Wewe mzee!" akaita, bila kujua anayemwita ni nani. "Maneno baadaye. Shika huko mwisho, uinue."

Mzee Maghanga alishika, akainua. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema watu wa mkonge hawaonekani. Wapo waliotununia mpaka Krismasi, sitakudanganya. Lakini shule ilipofunguliwa Kalekye aliingia darasa la tatu na wenzake, akakaa kiti cha mbele. Baadaye baba yake alihamishiwa kazi upande wa Taveta, karibu na Mata, na Nyanya Wakesho akakaa na mtoto kwake mpaka alipofanya mtihani wa darasa la nne. Huko alikofika baada ya hapo ni juu yake mwenyewe kukusimulia.

Na hapo kazi haikwisha. Kambi ile iliondokwa na hawa ikajaa wale, na kila walipokuja wageni ilitubidi tushuke upya, tujue majina upya, tuulize siku yao ya mapumziko ni ipi.

Basi mwanangu, shika haya. Mtoto wa kibarua akikosekana darasani, usianze kwa kuwalaumu wazazi wake, nenda wanakolala. Mzazi asipokuja kwenye mkutano wa shule, jiulize kwanza kama uliuitisha saa ambayo yuko huru. Usimpe mtoto nafasi ya kujificha. Mpiganie apate nafasi anayoweza kuidai mbele ya watu. Na wazazi wake uwaombe mchango wa mikono yao, maana kumwacha mtu nje ya kazi ni kumwambia kwamba si wa hapa. Ukikuta kanuni imemfungia mtoto mlango, wafuate walioitunga, uzungumze nao mchana kweupe, hata kama wamekuzidi umri.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, na subira ya kuanza upya kila wageni wanapofika. Akubariki wewe, awabariki watoto utakaowafundisha, na wazazi wao warudi salama kutoka kazini.