Mikidadi na Mafuta Yaliyogeuka Rangi

Zamani fundi alichovya kidole katika mafuta ya injini akakwambia kinachoiua. Leo anakuuzia injini nyingine bila hata kuinama.

Mikidadi alikuwa na kibanda karibu na soko la Moshi, nami nilikuwa nikishona nguo kwenye baraza lililotazamana naye. Hakusoma shule, alisoma mafuta. Meusi, alisema, ni mzee aliyefanya kazi yake, mbadilishe apumzike. Yanayonuka petroli hayana nguvu tena. Ya rangi ya maziwa yameingia maji. Ya kijivu, yakimetameta juani, ni chuma kinachojitafuna, na hapo Mikidadi aliinamisha kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Kwa miaka kumi na tisa niliyomtazama, sikumsikia hata mara moja akimdanganya mwenye chombo. Wazungu na Wahindi waliudhika, lakini walirudi kwake.

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka 1953, Sirili, mwalimu wa dini kutoka Mwika, alifika pale na pikipiki yake kuukuu ya Kiingereza ikigonga kama mtu anayepasua kuni. Nyuma yake alikaa Theopista, mkunga wa hospitali, mfuko wa vifaa mapajani.

"Fundi, nisaidie. Mke wangu Hilaria ana uchungu siku ya pili, mtoto amelala vibaya. Gari la hospitali limekwenda Tarakea. Mkunga nimempata, sasa hii inataka kunifia."

"Zima," alisema Mikidadi. "Zima kabla haijajizima yenyewe."

Akafungua kifuniko cha tangi la mafuta ya injini, chini ya kiti, akachovya kijiti. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Umevuka mto?"

"Nimepita darajani. Na usiku ililala ndani."

Akadondosha tone juu ya bomba la moshi, lililokuwa bado la moto. Likatatarika; maji hayo. Kisha ikapanda harufu ya uchachu, ya ndizi. Mikidadi, ambaye hakuwahi kuonja kileo, akarudisha uso nyuma. Akasugua kijiti kiganjani, yakabaki makapi ya ulezi.

"Mwalimu, pikipiki yako imelewa."

Theopista alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Mbege? Mimi sinywi!"

"Sikusema wewe."

Sirili akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Alfajiri, alipokuwa akivaa viatu, alimwona baba yake, mzee Kornel, amesimama kando ya pikipiki na kibuyu. Alidhani anawamwagia mababu mbege ardhini, ile pombe ya ndizi na ulezi, kama ilivyokuwa desturi mtu wa nyumbani akianza safari nzito. Kumbe mzee aliwaza kwamba kinachokwenda kuleta uhai ndicho cha kunyweshwa kwanza, na siku zote alimwona mwanawe akikinywesha hapo, chini ya kiti. Mtacheka. Chekeni, halafu mnionyeshe mzee wa leo anayeamka alfajiri kwa ajili ya mkaza mwana wake.

Mikidadi aliyamwaga mafuta yote, akasuuza kwa mafuta ya taa, akatia mapya, akawasha, akamwaga tena. Safari hii yalitoka safi zaidi, lakini alipoinua kidole juani kilimetameta.

"Chuma kimeanza kulika. Makapi yameziba njia za mafuta. Kuifungua yote ni siku mbili."

"Hilaria hana siku mbili."

"Najua. Basi linaondoka saa nane. Hii itakufikisha Himo, pengine. Mlima sikuahidi."

Ilikuwa saa tatu. Theopista alikwisha panda nyuma. "Twende, mwalimu. Ikikwama, miguu yangu haihitaji mafuta."

Ilikwama juu kidogo ya Himo, mlima unapoanza. Walipanda kwa miguu, wakafika alasiri. Hilaria alikuwa amekwisha funikwa uso, na mtoto vilevile ubavuni mwake.

Mwezi uliofuata Sirili alikuja akiisukuma pikipiki, na mzee Kornel ameshika kiti kwa nyuma.

"Shikamoo, mzee," alisema Mikidadi.

"Marahaba. Mwanangu, wewe unazijua hizi. Niliipa kinywaji cha wazee kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa nini ilikataa kupanda?"

Sirili alitazama ardhi. Mikidadi akafungua kifuniko, akachovya kidole, akakiangalia muda mrefu. Nilikiona kutoka ng'ambo ya barabara: cha kijivu, kinang'aa kama magamba ya samaki.

"Ilikuwa imezeeka, baba," alisema. "Safari ile ingeishinda tu."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hawakutaka itengenezwe. Waliiegemeza ukutani, wakashika barabara ya Himo kwa miguu, mkono wa Sirili mgongoni kwa baba yake, na Mikidadi alisimama akikifuta kidole kile kwa kitambaa, akikifuta tu, mpaka walipopotea nyuma ya ghala la kahawa. Sikuwaona tena.