Kombe Alilochora Safaa

Kwenye kituo chetu cha afya kuna chumba cha mwisho, jirani na tangi la maji. Hakina kitanda wala sindano. Mna mkeka, benchi moja fupi, makopo ya rangi na Bi Laila Silima. Wenye ndimi zao humwita Daktari wa Makaratasi, naye akisikia hucheka. "Waacheni waniite," husema, "maadamu wananiletea watoto."

Bi Laila ni mzaliwa wa Kisiwa Panza. Baba yake, Mwalim Silima, alikuwa akiandika makombe: aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha maandishi yale huoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Laila ndiye aliyekuwa akimtayarishia ile zafarani tangu mdogo. Alipokua alisomea uuguzi, kisha akaenda bara kusomea kazi hii ya kumtibu mtu kwa kuchora. Anasema wapo watu ambao maumivu yao hayana maneno, lakini mkono unayajua. Rangi za dukani zikimwishia hutengeneza zake, kwa manjano, hina, mkaa wa kusaga, na zafarani kidogo akikumbuka kwao.

Mie nilimjua kwa ajili ya mwanangu Safaa. Msimu wa karafuu uliopita, baba mkwe wangu, Mzee Mjaka, alianguka mkarafuuni akafariki palepale. Safaa alikuwa chini ya mti, akiokota karafuu zinazodondoka. Tangu siku ile hakusema tena. Alikula, alicheza na mdogo wake, na akilia alilia bila sauti. Chuoni kwenye Kurani aliwafuata wenzake kwa midomo tu. Nilikuwa nikiogopa kuisahau sauti yake.

Jirani yangu Kazija aliponiona namvisha Safaa ukaya wa kichwani tutoke, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mwana hasemi, weye wampeleka kuchora? Si ungemnunulia chaki mkakaa zenu nyumbani!"

"Chaki ninayo," nikamwambia. "Bi Laila ndiye sina."

Akacheka, akamtia Safaa ndizi mkononi.

Bi Laila hakumuuliza mtoto kitu. Alikaa naye mkekani akachora zake, mistari tu, kama hana habari naye. Nikawaza, huyu ndiye daktari? Safaa akatia kidole kwenye rangi, akaja kukipangusa kwenye kanga yangu. Nilitaka kumkanya, Bi Laila akaniashiria nimwache.

"Kanga yako nayo ni karatasi," alisema.

Tukaenda na kurudi, tukaenda na kurudi, hata siku moja Safaa akachora mti. Majani mengi ya kijani, na katikati ya majani miguu miwili ikining'inia. Ile miguu aliipaka zafarani, taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Bi Laila aliitazama mpaka macho yakamlowa. Hakusema nzuri, sijamsikia akimwambia mtoto picha yake nzuri wala mbaya. Alisema tu, "Nimeiona, Safaa." Kisha akanikabidhi mie. "Iwekeni vizuri. Hii ndiyo dawa yake."

Neno hilo nilimfikishia mavyaa wangu, Bi Mwanapili, mjane wa Mzee Mjaka, kama lilivyo. Akaichukua karatasi, akainusa.

"Zafarani," akasema. "Huyu si binti wa Mwalim Silima? Basi kazi ya babaake hajaiacha."

Nikatoka uani kuanua nguo. Niliporudi, mavyaa wangu amekaa na bakuli jeupe mbele yake, marashi yanafuka chumba kizima, Bismillahi iko mdomoni, karatasi imezama na rangi inaondoka. Alikuwa akimtengenezea Safaa kombe anywe.

"Bibi, usimwoshe babu!"

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, si ile niliyoikumbuka. Bi Mwanapili akaiopoa karatasi haraka, ikamchanikia mikononi. Ile miguu imekwisha, mti umebaki doa la kijani. Safaa akalia, safari hii kwa sauti, na bibi yake akalia naye, na mie nimezikumbatia nguo zangu sijui nimshike yupi.

Baada ya kilio kile Safaa akanyamaza tena. Asubuhi tukaenda sote watatu.

"Nimeiharibu dawa yako, Bi Laila," alianza Bi Mwanapili hata salamu hazijesha. "Nimeiosha."

Bi Laila akashika kichwa. "Mie ndiye niliyesema dawa! Mtoto wa mwandika makombe, nisifikiri?" Wakacheka kidogo, kisha wakamwona Safaa, wakaacha.

Bi Laila akachuchumaa mbele yake. "Babu kafutika karatasini. Unataka kumchora tena?"

Safaa akatikisa kichwa. Akasema, "Nilimwita."

"Ulimwita nani, mwanangu?"

"Babu. Nilimwita, akanitazama, akaanguka."

Kumbe muda wote ule mtoto alikuwa akiiogopa sauti yake, isije ikamwangusha mtu mwengine.

Bi Laila akavua viatu, akapanda juu ya benchi, akainua mikono darini kama anayechuma karafuu.

"Niite."

Safaa akarudi nyuma, akajificha kwenye buibui langu.

"Niite, Safaa. Nimeshika tawi."

"Bi Laila," akasema, kwa sauti ndogo mno.

Bi Laila akageuka, akamtazama chini. Benchi likayumba kidogo, mwenyewe kasimama. "Labeka. Niite tena."

Akamwita tena, na tena, kwa nguvu zaidi, mpaka muuguzi wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

"Tawi lile lilikuwa bovu, mjukuu wangu," Bi Mwanapili akasema. "Baba yako kaliona, limeoza kwa ndani. Si sauti yako." Kisha akatugeukia. "Hebu nipandisheni na mie."

"Mama, na goti lako bovu!" nikasema.

"Goti langu halikuulizwa. Nipandisheni."

Tukampandisha, mie upande huu, Bi Laila upande ule. Mavyaa wangu akainua mikono juu, akasubiri.

"Bibi!"

"Labeka, mwanangu!" Akamtazama. "Haya niambie, nimeanguka?"

"Hujaanguka."

"Basi niite tena, sijatosheka."