Mbuzi Aliyetafuna Kichwani Mwangu

Dada yangu alipojifungua, nilitoka Lodwar kwenda Kakuma kwenye maombi ya shukrani. Nilibeba kipaza sauti changu kidogo, kama kiberiti hivi. Tangu nilipopandikiziwa kifaa cha kusikia, nakibana kwenye nguo ya anayezungumza, na sauti yake inanifikia kichwani moja kwa moja bila waya.

Mchungaji alikuwa Mkongomani anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi. Nikambania kwenye ukosi wa koti. Alihubiri hadi jasho likamtoka, akavua koti, akalitundika kwenye ua wa miiba nyuma yake. Wala hatukukumbuka kipaza sauti.

"Tufunge macho," akasema.

Nikafumba. Sauti yake ikawa inatoka mbali, na badala yake nikasikia kitu kinatafunwa. Kwacha, kwacha, kwacha, katikati ya fuvu langu! Halafu pumzi nzito. Nikawaza: mtumishi wa Mungu anakula wakati wa maombi? Nikafungua jicho moja. Mdomo wake ulikuwa unaomba vizuri tu.

Kikaja kilio: "Mee!"

Nilicheka kwa nguvu, mtoto mchanga akaamka.

Shangazi akanifinya paja. "Wewe! Hiyo chuma imeharibu kichwa yako?"

"Mama, juu ya nini unacheka?" mchungaji akauliza.

"Mchungaji, unaliwa!"

Wote wakageuka. Mbuzi alikuwa ameshika koti kwa meno. Kuona macho yote hayo, akachomoka nalo mbio, waumini nyuma yake, shangazi mbele ya wote, viatu mkononi.

Mbuzi akapotelea vichakani, lakini mimi nilikuwa bado namsikia. Nikienda kushoto, kutafuna kulififia. Nikienda kulia, kulirudi. "Huku!" nikaita. Wakanifuata bila ubishi, kama wanaomfuata mganga. Tukamkuta chini ya mti wa mathenge, ametulia, mkono mmoja wa koti umeshaingia tumboni. Kipaza sauti kilikuwa kimelowa mate, ila kizima.

Mchungaji alikifuta kwa shati lake, akakisogeza mdomoni, akamaliza maombi papo hapo vichakani, tukiwa tumesimama kwenye miiba. Safari hii nilimsikia kila neno. Alimwombea mtoto, akamwombea mama yake, kisha akaongeza kwa sauti ya chini ambayo ni mimi peke yangu niliyeisikia: "Na hii mbuzi, Bwana, iko ya nani?"

Ilikuwa ya shangazi. Nikajibu tu, "Amina."